Kulala hemani kando ya mto kwenye msitu wa paina Mufindi: mwongozo kwa anayeanza

Kila kiangazi kikikaribia maswali ni yale yale. Inaruhusiwa kulala ndani ya msitu wa Sao Hill? Hema lisimame umbali gani kutoka mtoni? Kuni za paina zinafaa kupikia? Baridi ya Mufindi nitaiweza kwa blanketi moja? Hapa nayajibu yote kwa mpangilio wa safari yenyewe, kuanzia kibali hadi kufunga mizigo. Ninazungumzia kulala porini kweli: hakuna choo, hakuna bomba, hakuna umeme, na hakuna mtu wa kukuletea chai asubuhi.

Mfano wangu ni Sao Hill, wilayani Mufindi mkoani Iringa, kwa sababu ndilo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali Tanzania. Eneo lake lote linazidi hekta 130,000, na vijito vingi vinavyolisha Mto Ruaha Mdogo vinapita humo au pembeni yake. Ukienda kwenye paina za Shume kule Lushoto, za West Kilimanjaro, au za Kinale upande wa Kenya, hatua ni hizi hizi. Kinachobadilika ni ofisi ya kuombea kibali na majira ya mvua.

Chagua mwezi kwanza

Mvua za Mufindi huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, mara nyingine hadi Mei. Katika miezi hiyo barabara za msituni ni udongo mwekundu unaoteleza, na malori ya magogo yameshazichimba mitaro. Gari dogo halifiki. Juni na Julai ni baridi kali: mabondeni usiku hukaribia nyuzi sifuri, na asubuhi nyasi zinaweza kuwa nyeupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda. Agosti hadi Novemba mapema ni kavu na jua linapendeza, lakini ndio msimu wa moto, na walinzi wa msitu wanakuwa macho usiku na mchana.

Kwa anayeanza napendekeza mwisho wa Mei. Mvua imekatika, mto una maji ya kutosha, majani ya chini bado yana unyevu kidogo, na baridi haijafika kilele. Septemba nayo ni nzuri, ila kwa sharti moja: usiwashe kuni kabisa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

Usinunue vitu vya bei kubwa kwa safari ya kwanza. Vingi vinapatikana sokoni Mafinga, mji ulio karibu na msitu, au tayari viko nyumbani.

- Hema lenye tabaka mbili, yaani la ndani lenye wavu na la juu la kuzuia mvua. Hema la tabaka moja linalouzwa kwa ajili ya ufukweni litakulowesha kwa umande hata mvua isiponyesha.
- Turubai la kutandika chini ya hema, na jingine la kufunga juu ya sehemu ya kupikia.
- Kitu cha kulalia chini. Hiki ndicho wengi wanakisahau. Godoro jembamba la sponji, au hata mikeka miwili juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, vitakusaidia kuliko blanketi la tatu, kwa sababu baridi inayokuamsha usiku inatoka ardhini.
- Begi la kulalia la baridi, au mablanketi mawili mazito kwa kila mtu. Kofia ya sufu, soksi mbili za ziada na sweta, vyote vifungwe kwenye mfuko usiopitisha maji.
- Jiko dogo la gesi na mtungi wake. Mkaa unaweza kubeba, ila utausoma zaidi huko chini.
- Dumu mbili za lita 20: moja ya maji ya kunywa kutoka mjini, nyingine ya kuchotea mtoni.
- Jembe dogo au koleo fupi, panga, kamba ya manila mita 20 hivi, tochi ya kichwani na betri za akiba.
- Raba buti. Umande wa asubuhi kwenye nyasi za bondeni unalowesha viatu vya kawaida ndani ya hatua chache.
- Sanduku la huduma ya kwanza: bendeji, dawa ya vidonda, dawa za kuongeza maji mwilini, dawa zako za kila siku kama unazo.
- Magunia mawili ya kurudisha taka. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, na gunia hata hivyo halichaniki njiani.

Chakula ni mambo rahisi. Viazi mviringo, karoti, njegere, mayai na parachichi vipo tele Mafinga. Maharage yachemshe nyumbani yaive kabisa kabla ya kusafiri. Sehemu kubwa ya Sao Hill iko kati ya mita 1,400 na 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Maharage mabichi yatakula gesi yako yote na bado yatakuwa magumu.

Hatua kwa hatua

1. Omba kibali, na ukiombe mapema.

Sao Hill inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Ofisi za shamba ziko eneo la Sao Hill, karibu na Mafinga, na shamba limegawanywa katika tarafa nne: Irundi, Ihefu, Ihalimba na Mgololo. Piga simu au fika ofisini siku kadhaa kabla. Sema mko wangapi, mnalala siku ngapi, na mnataka kukaa karibu na mto gani. Malipo yoyote fanya kwa namba ya malipo ya serikali na uchukue risiti. Usimpe mtu fedha mkononi getini hata akiwa amevaa sare.

Ukiwa pale uliza maswali manne, na usione aibu kuyarudia hadi uelewe majibu. Kuna uvunaji unaoendelea upande huo? Kuna watu wanaogema utomvu? Mizinga ya nyuki iko wapi? Na moto unaruhusiwa wakati huu au la? Msitu huu ni mahali pa kazi. Miti inaangushwa, malori yanapita alfajiri, na mizinga hutundikwa sehemu ambazo mgeni hawezi kuzijua.

Kama njia yako inapita kijijini, piga hodi kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji. Salimia, jitambulishe, eleza unakokwenda. Mgeni aliyejitambulisha hupewa hata kijana wa kumwonyesha njia. Asiyejitambulisha, akionekana na tochi msituni usiku, anadhaniwa ni mwizi wa mbao.

2. Fika kabla ya saa tisa alasiri.

Kutoka Iringa hadi Mafinga ni kilomita 80 hivi kwa barabara kuu ya kwenda Mbeya. Kinachokula muda ni baada ya hapo, kwenye barabara za msituni ambako njia zote zinafanana. Miti imepandwa kwa mistari, umri mmoja, urefu mmoja. Kila njiapanda piga picha ya upande ulikotoka, na uandike namba ya kibao cha eneo kama kipo. Pakua ramani kwenye simu ukiwa bado mjini, maana mabondeni mtandao hupotea.

Jua likishuka nyuma ya miti, giza ndani ya paina linaingia mapema kuliko nje. Ukichelewa utachagua mahali pa kulala kwa tochi, na hapo ndipo makosa yote ya hatua inayofuata yanapofanyika.

3. Chagua mahali pa hema. Hii ndiyo hatua inayoamua safari nzima.

Mgeni akifika mtoni anataka hema liguse maji. Mandhari ni nzuri, sauti ya maji inatuliza, na pale kandokando kuna nyasi tambarare zinazokaribisha. Pia ndipo mahali pabaya kuliko pote.

Hewa ya baridi ni nzito, kwa hiyo usiku inatiririka kutoka vilimani na kutuama bondeni. Ukipanda mteremko kidogo tu, mita kumi au kumi na tano juu ya usawa wa mto, unaikwepa sehemu kubwa ya baridi na umande. Utayasikia maji vizuri tu kutoka pale.

Kwa umbali, mimi natumia mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita hizo 60. Hema la siku mbili si shughuli ya kudumu, lakini kipimo hicho kinafaa: kinalinda mto dhidi yako na kinakulinda wewe dhidi ya mto. Hesabu hatua ndefu 70 hadi 80, umefika.

Kisha tazama alama za mafuriko. Nenda ukingoni uangalie vichaka: nyasi kavu, vijiti na takataka zilizonasa kwenye matawi zinaonyesha maji yalifika wapi mara ya mwisho. Kama zimenasa usawa wa kifua chako, ujue mto huo unaweza kufika hapo tena, hata kama mvua imenyesha milimani tu na kwako jua linawaka.

Sasa inua macho juu. Fanya hivi kwa makini, uzunguke ukitazama kila upande. Unatafuta mti uliokauka, tawi lililovunjika na kuning'inia kwenye matawi mengine, mti ulioinama, au mti wenye udongo uliopasuka kwenye mizizi. Mizizi ya paina mara nyingi haiendi chini sana, na kwenye udongo uliolowa upepo unaweza kuing'oa mizima mizima. Ukiona miti kadhaa imelala upande mmoja, upepo wa hapo una njia yake. Hama.

Mwisho, epuka maeneo haya: barabara hata ikionekana haitumiki, uwanja wenye magome mengi chini (hapo magogo hukusanywa na lori linaweza kuja saa kumi na moja alfajiri), njia za kuzuia moto, na vinyungu, yaani bustani za watu kule bondeni.

4. Simamisha hema.

Sehemu ya kulala usifagie majani ya paina. Yaache, ondoa tu vijiti na zile koni ngumu, kwa sababu tabaka la majani ni godoro zuri na linazuia baridi ya ardhi. Tandika turubai, kisha hema juu yake. Kingo za turubai zisitokeze nje ya hema, la sivyo mvua itakusanyika juu yake na kuingia chini yako.

Vigingi ndivyo vinasumbua. Ukivipigilia juu ya majani vitaonekana vimeshika, kisha usiku upepo ukija vinatoka kama sindano kwenye pamba. Pale kigingi kinapoingia, kwangua majani kwa mkono hadi uone udongo, halafu pigilia kwa kukilaza kidogo, kichwa kikielekea mbali na hema. Vigingi vinavyokuja na mahema mengi ni vifupi. Tumia vijiti vilivyochongwa vya urefu wa mkono hadi kiwiko, kutoka kwenye matawi yaliyokwisha kuanguka. Usikate mti, hata mdogo: mche wa paina ulioota wenyewe pale ni mali ya shamba.

Mlango uelekeze upande usiokabili upepo, na uache madirisha ya juu wazi kiasi hata kukiwa na baridi. Pumzi za watu wawili usiku kucha ni maji mengi.

5. Tengeneza jikoni, na uwe mkali kuhusu moto.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nayajali sana haya na kwa sababu moto wa mgeni mmoja unaweza kuteketeza kazi ya miaka ishirini ya watu wa Mufindi.

Majani ya paina yaliyoanguka yana mafuta ya utomvu. Chini ya yale makavu ya juu kuna tabaka jingine, la kahawia iliyoiva, lililooza nusu na kushikana. Moto ukiingia humo huoni mwali. Unatembea taratibu chini kwa chini, unafuata mizizi, na unaweza kuchomoza mita kadhaa mbali ukiwa umeshafunga mizigo na kuondoka.

Kwa hiyo pika kwa gesi. Hata jiko la gesi lisikae juu ya majani. Kwangua duara la mita moja na nusu kila upande hadi udongo mtupu utokee, weka jiko katikati juu ya jiwe bapa, na dumu la maji liwe hatua moja kutoka hapo. Jikoni pawe angalau mita tano kutoka hemani.

Kama ofisi imekuruhusu kuwasha kuni, na si kipindi cha ukavu, fanya hivi. Tafuta mahali penye mchanga au udongo mtupu, mbali na mizizi. Kwangua mita mbili kila upande, kisha chimba shimo la kina cha kiganja na uzungushie mawe makavu. Mawe yaliyotoka mtoni usiyatumie, kwani maji yaliyomo ndani yanaweza kuyapasua kwa kishindo. Kuni zisizidi unene wa kifundo cha mkono. Kuni za paina zinawaka haraka, zinatema cheche, na moshi wake unaacha masizi meusi yanayonata kwenye sufuria. Ukipata tawi kavu la mti wa asili lililoanguka, ni bora zaidi. Asiwepo mtu wa kuondoka na kuacha moto peke yake, hata kwa kwenda kuchota maji.

Kuzima kuna utaratibu wake. Mwaga maji, koroga majivu kwa kijiti hadi chini, mwaga tena, koroga tena. Kisha weka mgongo wa kiganja juu ya majivu, na ukiwa hauhisi joto, ingiza vidole ndani. Pakiwa na uvuguvugu, moto bado upo. Rudia. Kufukia kwa udongo pekee si kuzima.

6. Maji.

Ya kunywa beba kutoka mjini, lita tatu kwa mtu kwa siku. Kwenye miinuko ya Mufindi kuna mashamba ya chai na bustani juu ya vijito vingi, na dawa za mashambani haziondoki kwa kuchemsha. Ikibidi kunywa ya mtoni, chota kwenye kijito kinachotoka moja kwa moja msituni, chuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, chemsha hadi yatokote kwa dakika tatu.

Kuoga na kuosha vyombo kufanyike mbali na mto, maji machafu yamwagwe kwenye udongo. Sabuni isiguse mto. Mji wa Iringa unakunywa maji ya Ruaha Mdogo, na kutoka hapo maji yanaenda kuungana na Ruaha Mkuu kuelekea Mtera. Kuna watu chini yako.

7. Choo.

Chimba shimo la kina cha sentimita 20 hivi, mita 60 au zaidi kutoka majini. Ondoa majani kwanza, chimba kwenye udongo, fukia vizuri, kisha rudisha majani. Karatasi na taulo za kike haziachwi shimoni. Zinaingia kwenye gunia. Mkiwa wengi chimbeni mtaro mmoja na kila mtu afukie sehemu yake.

8. Kabla ya kulala.

Kula chakula cha moto na chenye mafuta saa moja au saa mbili usiku. Vaa soksi kavu ambazo hukutembea nazo. Jaza chupa maji ya moto, izibe vizuri, ifunge kwa fulana na uiweke miguuni. Nenda haja ndogo kabla ya kujifunika, maana saa nane usiku hutataka kutoka. Chakula chote kifungwe kwenye ndoo yenye mfuniko, ndani ya gari kama lipo. Nyani na ngedere wanaamka kabla yako.

Sasa onyo ninaloomba ulichukue kwa uzito wote. Usiingize jiko la mkaa ndani ya hema. Hata likiwa limebaki makaa machache, hata mlango ukiwa wazi kidogo. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu hahisi kukosa pumzi, anasinzia tu. Familia nzima zimekufa hivyo ndani ya vyumba vyenye madirisha, sembuse hema. Jiko la gesi nalo libaki nje.

Na ulanzi, pombe ya mianzi: msimu wake ni wa mvua, utauona ukiuzwa vijijini, na ni kinywaji cha heshima huko. Kunywa mchana ukiwa na wenyeji. Pombe ya usiku inakupa joto la uongo kisha mwili unapoa haraka zaidi.

9. Kuondoka.

Anika hema hadi umande ukauke, hata kama itakuchelewesha hadi saa nne asubuhi. Likikunjwa bichi litaota ukungu. Jaza mashimo ya vigingi na ya jikoni, tawanya majani yafunike udongo, kagua majivu kwa mkono mara ya mwisho. Pita ofisini au kwa mlinzi umwambie mmeondoka, mko wote.

Makosa yanayorudiwa sana

Kubwa ni kuvuka mto kwa kukadiria kwa macho. Maji ya vijito hivi ni baridi sana na mawe yana utelezi. Pima kwa fimbo. Yakifika juu ya goti na yanakwenda kasi, usivuke. Ukivuka, vaa viatu na legeza mikanda ya begi ili uweze kulivua ukianguka.

Lingine ni kukusanya majani ya paina ya kuwashia moto na kuyaweka karibu na jiko "yakae tayari". Cheche moja inatosha. Na kuna wanaochezea vikombe vya utomvu vilivyofungwa kwenye mashina. Hivyo ni kipato cha mtu, usiviguse.

Mambo yakienda kombo

*Ndani ya hema kuna maji na mvua haikunyesha.* Ni pumzi yenu. Fungua madirisha ya juu, kaza kamba za tabaka la nje lisiguse la ndani, na usianike nguo mbichi humo.

*Baridi imekuamsha saa tisa usiku.* Kagua chini yako kwanza. Ingiza nguo zote kavu, begi tupu, hata maboksi, kati yako na ardhi. Vaa kofia. Kula kitu kitamu. Mtu akianza kutetemeka sana, kuongea ovyo au kusinzia kwa namna isiyo ya kawaida, mvue nguo mbichi, mfunike pamoja na mtu mwingine, mpe chai tamu kama anaweza kumeza, na mpelekeni hospitali.

*Jiko la gesi linafifia alfajiri na mtungi bado mzito.* Gesi imepoa. Uweke mtungi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika chache, au usubiri jua. Kamwe usiusogeze kwenye moto.

*Maji ya mto yamebadilika rangi, yameanza kubeba majani, au mlio wake umekuwa mzito.* Mvua imenyesha juu. Kila mtu atoke ukingoni mara moja. Kama hema liko chini, beba watu kwanza, vitu baadaye.

*Moto umeshika majani.* Mkiwa bado mnaweza kuuruka kwa hatua moja, piga kwa tawi bichi na mwaga maji, kisha kwangua mstari wa udongo kuuzunguka. Ukishapanda kwenye matawi, acheni kila kitu mwondoke kwa kufuata barabara au kuelekea mtoni, msipande mlima, kwa sababu moto hupanda mteremko haraka kuliko mtu. Piga simu ofisi ya shamba, na Zimamoto 114. Usifiche uliyofanya, dakika za mwanzo ndizo zinazookoa msitu.

*Siafu wameingia.* Usiwapige. Toka, kung'uta nguo, tazama msafara wao unatoka wapi na unaelekea wapi, kisha hamisha hema mita kadhaa nje ya njia yao. Majivu baridi yaliyozungushiwa hema husaidia kwa muda.

*Ukungu umeshuka na hujui ulikotokea.* Kaa ulipo, piga filimbi au ita mara tatu tatu. Ukungu wa asubuhi mara nyingi hupungua jua likipanda. Ukilazimika kutembea, fuata barabara pana yenye alama za matairi ya malori, usikate kati ya mistari ya miti.

*Umeng'atwa na nyoka.* Tuliza mgonjwa, asitembee, usichanje wala kunyonya, usikaze kamba. Vua pete na viatu kabla ya uvimbe, mbebeni hadi kwenye gari na mwende hospitali.

*Utomvu umeganda kwenye hema au mikononi.* Paka mafuta ya kupikia, sugua taratibu, subiri dakika tano, kisha osha kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Petroli itaondoa utomvu pamoja na rangi na kinga ya mvua ya hema lako.